Pima Unga Kabla ya Kusonga

Jioni inapoingia Eldoret na baridi ya nyanda za juu inapoanza kuuma, jikoni kwa watu wengi kuna sufuria ya maji inayosubiri unga. Maji yakichemka, mpishi huinamisha pakiti na kumimina, hukoroga, humimina tena, mpaka mwiko ukaze. Hakuna anayepima. Mkono umezoea, na mkono uliozoea huaminiwa kuliko kikombe. Hapo ndipo mlo wa usiku unapoamuliwa. Ukingoja mpaka ugali ufike mezani, mvuke ukipanda na mboga ikinukia, ndipo ujiulize utaacha wapi, umejitwika swali gumu wakati ambapo njaa ndiyo inayojibu. Mwongozo huu una hoja moja. Zamani kazi ya siku ndiyo iliyokuwa ikirekebisha makosa ya sahani. Kwa mtu ambaye siku yake haina tena jembe wala mzigo, kipimo lazima kiwekwe kabla ya kupika, na kuacha kula ni ustadi wa kujifunza juu ya msingi huo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu haya yote yataonekana kuwa mahubiri. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kalori 360. Pakiti ya kilo mbili, ile iliyopangwa kwenye rafu za maduka ya Langas, Huruma na Kapsoya, ina kalori 7,200 hivi. Familia ya watu wazima wanne ikisonga nusu ya pakiti kwa chakula cha usiku imeweka mezani kalori 3,600, yaani 900 kwa kila mmoja, kabla ya mboga, kabla ya mafuta ya kukaangia, kabla ya nyama wala maziwa ya mursik. Mtu mzima anayeshinda ameketi huhitaji kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima, kutegemea umbo, umri na jinsia yake. Kwa hiyo ugali wa mlo mmoja umechukua zaidi ya theluthi ya mahitaji yake ya siku, na chai ya asubuhi, mandazi, chakula cha mchana na chapati ya saa kumi bado havijahesabiwa.

Lugha yetu yenyewe inakumbuka enzi ambapo chakula kilipimwa. Neno posho, ambalo leo tunalisikia zaidi pale mahindi yanaposagwa, lilikuwa fungu la chakula alilokabidhiwa mpagazi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, fungu la kawaida lilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kiasi cha ratili moja na nusu, yaani karibu gramu 700. Mpagazi huyo alitembea kutwa na mzigo wa ratili sitini au sabini. Misafara mingi ilipata njaa kali, na hakuna sababu ya kuitamani hali ile. Lakini linganisha. Mtu wa leo anayekula ugali wa gramu 250 za unga mchana na mwingine wa kiasi hicho usiku amefikia gramu 500. Ongeza mkate wa asubuhi na chapati mbili, naye amekikaribia kibaba cha mpagazi bila kubeba hata ratili moja.

Hapo wengi hujibu kwa kuwataja wanariadha. Iten haiko mbali, Kaptagat ni hapo tu, na kila mtu anajua kwamba wakimbiaji wetu hula ugali wa kutosha na bado ni wembamba kama fito. Jibu limo katika vipimo vilivyochukuliwa kwa wakimbiaji wenyewe. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia kwa siku saba ulaji wa wakimbiaji kumi wa kiwango cha juu nchini Kenya. Kila mmoja alikula wastani wa kalori 2,990 hivi kwa siku, ilhali mwili wake ulitumia karibu 3,600. Ugali ulichangia takriban asilimia 23 ya nguvu waliyoipata, sukari karibu asilimia 20, na mafuta asilimia 13 tu. Zingatia mambo mawili hapa. Kwanza, hata mtu anayekimbia asubuhi na jioni hakuwa akila bila kikomo: wastani wake unazidi mahitaji ya mtu wa ofisini kwa kalori 500 hadi 1,000, na kiasi hicho mtu wa ofisini anaweza kukipata kwa chapati tatu na soda mbili. Pili, sukari aliyoitia kwenye chai ilichomwa barabarani kabla ya jua kutua. Sahani ya mkimbiaji inaeleweka tu ukiitazama pamoja na viatu vyake. Ukichukua sahani ukaacha viatu, umechukua nusu ya maisha yake, na ni ile nusu isiyokufaa.

Na wengi wetu viatu tumeviacha. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, lakini kazi zake zilikuwa zimegeuka za mjini muda mrefu kabla ya hati hiyo. Mwendesha bodaboda huketi kutwa juu ya pikipiki, wakala wa M-Pesa huketi kibandani, mwalimu husimama bila kwenda mbali, karani huinuka kwenda kuchukua chai. Shamba la ngano la Uasin Gishu sasa hulimwa na trekta na kuvunwa na mashine. Chakula kimebaki kile kile alichokula babu aliyetembea maili kadhaa nyuma ya ng'ombe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa wamezidi uzito unaofaa: asilimia 38.5 ya wanawake na 17.5 ya wanaume. Nyuma ya takwimu hizo kuna kisukari, shinikizo la damu na magoti yanayouma, magonjwa yanayoingia polepole na kukaa.

Kwa nini tumbo peke yake halitoshi

Pingamizi la pili ni la maana zaidi. Mwili, watu husema, una akili yake: kula ukiwa na njaa, acha ukishiba, basi. Ni kweli kwamba mwili una ishara. Tumbo likitanuka, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na chakula kikifika utumbo mwembamba, homoni za kushibisha huachiliwa. Lakini ishara hizo huchukua muda, dakika kumi na tano au ishirini hivi tangu tonge la kwanza, na ugali na sukuma wiki vinaweza kuisha sahanini kwa dakika nane. Zaidi ya hayo, macho huingilia kati. Mwaka 2002 Barbara Rolls na wenzake nchini Marekani waliwapa watu 51 makaroni yenye jibini siku tofauti kwa vipimo vinne, kuanzia gramu 500 hadi 1,000. Walipopewa kipimo kikubwa kabisa walikula asilimia 30 zaidi kuliko walipopewa kidogo kabisa, na baada ya kula walieleza kiwango kile kile cha kushiba. Ina maana waliongeza karibu theluthi ya chakula bila tumbo kuwaambia kitu. Anayetegemea tumbo peke yake mbele ya sufuria iliyojaa amemtegemea shahidi anayefika kesi ikiwa imekwisha.

Utasikia pia ushauri wa kununua sahani ndogo ili macho yadanganyike. Ushahidi wake ni dhaifu kuliko unavyotangazwa. Mwaka 2018 majarida ya JAMA yaliondoa makala sita za Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtafiti aliyekuwa maarufu kwa fikra za namna hiyo. Sahani ndogo haidhuru, ila haiwezi kushindana na sufuria ambayo bado ina ugali na mkono unaoifikia. Ndiyo maana tunarudi kwenye unga.

Jinsi ya kuweka kipimo

Fanya hivi mara moja tu. Siku ambayo huna haraka, chukua kikombe unachokitumia kila siku, kijaze unga, usawazishe juu kwa kisu, kisha uende ukaupime kwenye mizani ya dukani. Ukishajua kikombe chako kina gramu ngapi, huna haja ya mizani tena. Kwa mtu mzima anayeshinda ameketi, anzia gramu 100 za unga kwa mlo mmoja wa ugali, yaani kalori 360, na umwachie nafasi ya maharagwe, maziwa, mayai, nyama au omena. Pakiti ya kilo mbili ina mafungu 20 ya namna hiyo. Kwa hiyo familia ya watu wazima wanne husonga gramu 400 kwa jioni moja, na pakiti huwatosha jioni tano. Anayebeba mawe, anayechimba mitaro au anayepalilia kutwa anastahili mara mbili ya hapo, nawe mpimie bila kinyongo. Hilo ndilo lengo zima: fungu lifuate kazi ya mtu. Sasa familia nyingi hugawa kwa cheo, baba akapata mlima wa ugali hata kama ameketi kutwa, na mama aliyechota maji na kufua akala kilichobaki.

Ukiwa mahali pasipo na kikombe chako, tumia mkono wako, ambao hukua pamoja na mwili wako na hausahauliki nyumbani. Ugali, wali au viazi visizidi sana ukubwa wa ngumi yako. Nyama au samaki ichukue nafasi ya kitanga bila vidole. Mboga za majani zijaze vitanga viwili vilivyokusanywa pamoja. Sukuma wiki, managu, saga na kabeji ni maji na nyuzinyuzi kwa sehemu kubwa. Hujaza tumbo kwa kalori chache, mradi mpishi asizizamishe kwenye mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, sawa na theluthi ya fungu la ugali tulilolipima kwa uangalifu wote ule. Anza kula mboga na kitoweo, kisha ugali uvifuate. Kwa kawaida sisi hufanya kinyume: tonge kubwa, mboga ya kugusia tu.

Kibandani mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Sahani ya kwanza hupimwa na mwenye hoteli, na huna usemi mkubwa hapo. Uamuzi wako umo kwenye sosa, ile sahani ndogo ya nyongeza. Sosa ya ugali huagizwa mara nyingi katikati ya mlo, wakati mboga imebaki na tumbo halijapata nafasi ya kusema. Usiiagize wakati huo. Maliza sahani, kunywa maji, subiri dakika kumi, kisha ujiulize upya. Na usisahau vinavyonyweka. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni karibu gramu 50 za sukari na kalori 200. Kwa mtu wa kalori 2,000, hicho ndicho kikomo cha siku nzima kulingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi huzoea.

Aina ya chakula nayo huamua kama utajua pa kuacha. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika taasisi za afya za Marekani waliwalaza watu wazima 20 hospitalini kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na wiki mbili vyakula ambavyo havikusindikwa, huku viwango vya sukari, mafuta na nyuzinyuzi vilivyoandaliwa vikilinganishwa. Waliachwa wale watakavyo. Wakiwa na vyakula vya viwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula kwa kasi zaidi. Kwa mkaazi wa Eldoret somo ni jepesi. Githeri na managu hutafunwa. Hukupa muda wa kusikia mwili. Smokie, soda na mkate mweupe huteremka kabla hujajua umeanza. Ukiwa unajifunza kuacha, jifunze kwa chakula kinachotafunwa.

Kujua pa kuacha

Kiswahili hutofautisha mambo ambayo mlaji mwenye haraka huyachanganya. Njaa ni haja ya mwili, nayo hukubali chakula chochote, hata maharagwe baridi. Uchu huchagua: unataka chipsi, hautaki maharagwe. Kutosheka ni pale haja inapokwisha. Kukinai ni pale ulimi unapochoka na kile kilichoko mbele yako. Kuvimbiwa ni pale mwili unapolalamika. Wengi wetu tumefundishwa kuita kuvimbiwa kushiba, na tukaliona tumbo lililokaza kuwa dalili ya mlo mwema. Waliotunga methali waliijua hatari hiyo: njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Basi zoezi ni kusogeza kituo chako nyuma kidogo, kutoka kwenye kuvimbiwa hadi kwenye kutosheka. Okinawa, nchini Japani, wazee huwafundisha watoto kuacha tumbo likiwa limejaa sehemu nane kati ya kumi, na Waislamu wanafundishwa kuliachia tumbo nafasi ya maji na ya pumzi. Watu walioishi mbalimbali walifikia shauri moja, nalo linapatana na kile tunachokijua kuhusu ishara zinazochelewa.

Dalili ya kutazamia ni ladha. Tonge la kwanza huwa tamu kuliko la tano, na la tano kuliko la kumi na mbili. Utakapogundua kwamba unaendelea kwa sababu mkono tayari uko njiani, na utamu umekwisha kufifia, hapo umefika. Nawa mikono. Desturi yetu ya kunawa baada ya kula ni alama nzuri kuliko saa, kwa sababu mtu aliyenawa anahitaji sababu ya kurudi kwenye ugali. Nawa ukimaliza fungu lako, ondoka mezani au endelea na mazungumzo, na uipe ishara ya mwili dakika kumi. Kama njaa bado ipo, ile isiyochagua, rudi ule. Kula tena baada ya kungoja si kushindwa. Ni habari kwamba fungu la leo lilikuwa dogo kuliko kazi ya leo. Siku za mwanzo utahisi pengo tumboni. Mazoea ndiyo yanayodai chake, na yatatulia ukiyavumilia.

Mambo matatu yanayohitaji jibu

La kwanza ni umaskini, na hapa lazima tuseme waziwazi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na ni aibu kumfundisha kipimo mtu ambaye sufuria yake imepimwa na mfuko. Anayekosa chakula cha kutosha asipunguze chochote. Lakini kuna nyumba nyingi zilizo katikati: unga upo, kitoweo hakipo, na ugali hurundikwa ili uzibe nafasi ya maharagwe. Nyumba hiyo haihitaji kula kidogo, inahitaji kubadilisha. Unga unaobaki pakiti ikidumu jioni tano badala ya mbili ni pesa ya ndengu au maharagwe, na sahani yenye maharagwe hushibisha kwa muda mrefu bila kurundikwa.

La pili ni heshima. Katika nyumba nyingi za hapa, kukataa chakula ni kumkataa aliyekipika. Usikatae, basi, tangulia. Kabla ya kupakuliwa sema kwa sauti ya upole, "Mama, niwekee kidogo kwanza, nitaongeza." Sahani ndogo iliyokwisha yote humfurahisha mwenyeji kuliko kubwa iliyoachwa nusu, na kurudi kwa kijiko cha mboga zake ni sifa kwa mapishi yake. Nawe ukiwa mwenyeji, mwachie mgeni bakuli ajipakulie, na umkaribishe mara moja badala ya mara tano.

La tatu ni woga kwamba kupima kutageuza chakula kuwa adui. Woga huo una msingi, ndiyo sababu mwongozo huu unakutaka upime kikombe mara moja na kuyasahau mengine. Usihesabu kalori za kila tonge, wala usimpimie mtoto anayekua, mama mjamzito au anayenyonyesha, wala mtu anayepona kifua kikuu. Anayetumia dawa za kisukari asibadilishe kiasi cha ugali kabla ya kuzungumza na wahudumu wa kliniki yake, iwe Hospitali ya Rufaa ya Moi au zahanati ya mtaani, kwa kuwa dawa hupangwa kulingana na chakula, na sukari inaweza kushuka ghafla. Na ukijikuta unaogopa chakula au kujificha ili ule, hiyo ni kazi ya daktari.

Kwa wengine wote, kazi ya wiki hii ni ndogo. Pima kikombe. Andika ukutani jikoni gramu zake na idadi ya watu wa nyumba. Songa kwa kipimo hicho jioni saba mfululizo, nawa fungu likiisha, subiri dakika kumi. Jioni ya nane utajua kama kipimo kinafaa, kwa sababu utakuwa na kitu cha kukilinganisha na njaa yako. Mpagazi alipimiwa kibaba chake na mwenye msafara, apende asipende. Wewe kikombe unacho mkononi, na maji bado hayajachemka.